Trei moja ya makaroni inakula lita saba za maziwa

Mtu akitaja Magomeni, wengi wenu mawazo yenu yanakimbilia Dar es Salaam, kwenye vituo vya Mapipa na Usalama. Magomeni ninayoizungumzia leo ni kata ya Kilosa, mkoani Morogoro. Huku hatuna foleni za magari. Tuna maziwa mengi kuliko tunavyojua la kuyafanyia, na hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Mwaka jana, katikati ya masika, nilialikwa kwenye sherehe ya kumuaga binti anayeolewa. Baada ya pilau na nyama ya mbuzi kulikuwa na trei mbili za makaroni yaliyookwa kwa jibini, juu yamepiga rangi ya dhahabu, yamekatwa vipande vya mraba kama keki. Wageni walipita pilau ambayo wamezoea kuigombania wakapanga mstari kwenye trei zile. Zilikwisha kabla wazee wa meza kuu hawajasimama, na wazee wakalalamika, kama ilivyo haki yao.

Nikamuuliza mpishi, ambaye ni jirani yangu, jibini aliipata wapi. Akaniambia iliagizwa Dar es Salaam, ikaja kwa basi ndani ya ndoo ya barafu, na kwamba bei yake peke yake ilikaribia kulingana na gharama ya vitu vingine vyote vilivyomo kwenye trei. Asubuhi ya siku ile ile nilikuwa nimemwona mama mmoja wa Kimaasai, amezunguka tangu alfajiri na madumu yake ya maziwa, akimwaga karibu nusu ya dumu kwenye sahani ya mbwa wa jirani. Jua lilikuwa limekwisha kupanda, maziwa yameanza kukatika, na njia ya kurudi bomani ni ndefu.

Ndugu msomaji, mambo hayo mawili yametokea siku moja, katika kata moja. Mpishi analipia jibini iliyosafiri kutoka Dar es Salaam, na mwenye maziwa anayamwaga umbali wa kutupa jiwe kutoka jikoni kwa mpishi huyo. Sijui kama kuna hasara iliyo wazi kuliko hiyo.

Kila linapozungumzwa suala la maziwa wilayani kwetu, jibu ni lile lile: tunahitaji kiwanda. Wanasiasa wanaahidi kiwanda, wafugaji wanasubiri kiwanda, na sisi wa biashara ndogondogo tunasema kiwanda kikija tutafanya hiki na kile. Sipingi kiwanda. Lakini nadhani tumekosea mahali pa kuanzia. Kiwanda kinahitaji maziwa yanayofika kila siku kwa wingi na ubora usiobadilika, barabara inayopitika mwaka mzima, na umeme usiokatika. Masika, wakati ng'ombe wana maziwa mengi, ndio wakati ambao njia za kwenda vijiji vya wafugaji hugeuka tope. Kiangazi, njia inapopitika, ng'ombe wamekauka, na wengine wamehamishwa kutafuta malisho. Mwenye kiwanda atakayekuja kupiga hesabu hiyo atarudi alikotoka.

Mama lishe hana tatizo hilo. Yeye anahitaji lita saba, si lita elfu saba.

Nifafanue kwanza maziwa yenyewe yanavyopatikana. Wafugaji wengi wa Kilosa ni Wamaasai wa Kiparakuyo, walioko Twatwatwa, Parakuyo na sehemu nyingine za tambarare, na ng'ombe wao wengi ni wa asili. Ng'ombe wa aina hiyo hutoa lita moja, mbili akipata majani mabichi, ukiondoa anayonyonya ndama. Ni kidogo ukilinganisha na ng'ombe wa kisasa wa Kilimanjaro, lakini boma lenye ng'ombe wengi hukusanya, na maziwa ya ng'ombe wa asili yana mafuta mengi, jambo ambalo mtengeneza jibini hulipenda. Kwa desturi maziwa ni mali ya wanawake. Wao hukamua, wao huamua ya watoto ni mangapi na ya kuuza ni mangapi, na fedha ya maziwa huingia mikononi mwao. Maziwa ya asubuhi huletwa mjini. Ya jioni hayana mnunuzi, kwa sababu hakuna wa kuyabeba usiku, na yakilala bila kuchemshwa asubuhi yamekwisha kuganda. Sehemu hunywewa kama mtindi, sehemu hutengenezwa samli, na masika ikishamiri sehemu hupotea.

Kitaifa picha haitofautiani sana. Wizara inakadiria kuwa nchi yetu inazalisha zaidi ya lita bilioni 3 za maziwa kwa mwaka, na zinazopita viwandani ni sehemu ndogo mno ya hizo. Bodi ya Maziwa, iliyoundwa kwa Sheria ya Maziwa ya mwaka 2004, imekuwa ikitukumbusha kila Wiki ya Maziwa kwamba Mtanzania wa kawaida hatumii hata lita 70 kwa mwaka wakati zinazopendekezwa ni 200. Kila mwaka tunaambiwa tunywe zaidi. Nasema kwa heshima kwamba mtu mzima wa Kilosa hatakunywa glasi ya maziwa kila siku hata ukimbembeleza, hana mazoea hayo. Lakini mwekee maziwa yale yale kwenye chakula cha kushiba, kilichotiwa chumvi na pilipili manga, atakula na kuongeza.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Kilosa hawezi kulizungumzia bila kushusha sauti. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Ugomvi wa mashamba na malisho haukuishia hapo, umerudi tena na tena katika vijiji mbalimbali. Sitadai kwamba trei ya makaroni itamaliza ugomvi wa ardhi. Ardhi ina sheria zake na mahakama zake. Lakini nimeona kwa macho kwamba hata katika miaka mibaya, wakati wanaume walikuwa hawasalimiani njiani, wanawake waliendelea kuuziana: huyu analeta maziwa, yule anatoa unga wa mahindi na maharage. Biashara hiyo ndogo haikuwahi kuandikiwa ripoti wala kufadhiliwa na mtu. Kuikuza ni jambo la maana kuliko semina nyingi za usuluhishi nilizopata kuhudhuria, ambazo chakula chake, niseme ukweli, kilikuwa kizuri.

Wapo waliokwisha kutuonyesha njia. Mkoani kwetu, vijana waliohitimu Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walianzisha kampuni ya Shambani Graduates mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakanunua maziwa ya wafugaji wa asili na kuyauza mjini yakiwa mtindi. Njombe, ushirika wa wafugaji uitwao NJOLIFA pamoja na shirika la Kiitaliano la CEFA walijenga kiwanda kinachotengeneza jibini za namna ya Kiitaliano. Nronga, wilayani Hai, kina mama waliunda ushirika wao wa maziwa mwaka 1988. Ukiangalia Njombe na Hai utaona jambo moja: kule ni nyanda za baridi. Jibini ngumu inahitaji kukaa wiki au miezi mahali penye ubaridi ili ipevuke. Kilosa Januari, hata maji ya mtungini yanakuwa ya uvuguvugu. Kwa hiyo tusiige jibini ya Njombe. Tutengeneze jibini mbichi, inayotengenezwa asubuhi na kuliwa jioni, na isiuzwe ikiwa jibini. Iuzwe ikiwa imekwisha kuingia kwenye chakula.

Hapo ndipo penye hoja yangu yote. Jibini ukiiweka dukani kwetu italala. Wanaoijua ni wachache, friji ya dukani imejaa soda, na umeme ukikatika siku mbili umepata hasara. Makaroni yaliyookwa kwa jibini hayahitaji kuelezwa kwa mtu. Watu wa pwani na Zanzibar wamekuwa wakioka makaroni kwa futari na kwa sherehe miaka mingi, wao huweka nyama ya kusaga na mayai, na ndugu zetu waliokwenda kuolewa huko ndio waliotuletea. Kilosa chakula hiki tayari kina heshima ya sherehe. Kinachotakiwa ni kukishusha bei na kukipeleka kwenye chakula cha mchana.

Sasa tuingie jikoni. Mimi si mpishi, ila nimesimama jikoni kwa jirani yangu mara nyingi kiasi cha kufukuzwa.

Jibini kwanza. Maziwa yachujwe kwa kitambaa safi, yawekwe kwenye sufuria nzito, yachemshwe huku yanakorogwa chini ili yasishike. Yakianza kupanda yaepuliwe. Kwa kila lita moja ya maziwa andaa kama vijiko viwili vikubwa vya maji ya limao au siki, mimina kidogo kidogo huku ukikoroga taratibu. Utaona maziwa yanakatika: mabonge meupe huku, maji ya kijanikijani kule. Maji yakiwa bado meupe, ongeza limao kidogo. Acha dakika kumi, kisha mimina kwenye kitambaa cheupe cha pamba kilichotandikwa juu ya chujio, tia chumvi, funga na ning'iniza. Maziwa lita 10 ambayo hayajachakachuliwa kwa maji yatakupa jibini mbichi inayokaribia kilo moja na nusu. Ukipata pungufu sana ya hapo, usilaumu limao, kamuulize aliyekuuzia maziwa. Maji yaliyobaki usimwage. Kandia chapati au mkate, au wape nguruwe kwa walio nao.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hulikosea na kisha kusema jibini ya kienyeji haifai. Jibini hii ya limao haiyeyuki. Ukiiweka juu ya makaroni ukategemea ivutike nyuzi kama ile ya pizza kwenye televisheni, utasubiri mpaka mkaa uishe. Inayovutika ni ile iliyogandishwa kwa kimeng'enya maalumu cha jibini na kushughulikiwa kwa namna nyingine, na hiyo ina mafunzo yake. Ya limao inakauka na kupiga rangi, lakini inabaki chengachenga. Jirani yangu aliharibu trei mbili kabla hajagundua dawa yake. Dawa ni kutoikandamiza kwa jiwe. Itolewe kitambaani ingali laini na vuguvugu, ipondwe kwa mwiko mpaka iwe kama uji mzito, kisha ichanganywe ndani ya rojo la maziwa. Hapo ladha inaenea kote na mlaji hana habari ya kuyeyuka. Mteja wa sherehe akitaka nyuzi, na akawa tayari kulipa, nunua gramu 100 za jibini ya dukani ukune juu kama pambo.

Rojo lenyewe: kwa trei ya sentimita 30 kwa 40, yayusha samli au siagi gramu 150, kaanga humo unga wa ngano gramu 200 kwa moto mdogo mpaka unukie lakini usibadilike rangi, kisha ingiza maziwa lita mbili kidogo kidogo huku ukikoroga bila kupumzika. Likiwa zito kama uji wa mgonjwa, tia chumvi na pilipili manga, epua, liache lipoe kidogo, kisha tia jibini gramu 700 na mayai manne yaliyopigwa. Mayai yakiingia kwenye rojo linalochemka yataiva vipande vipande, na hapo umekwisha kuharibu.

Pembeni uwe na makaroni kilo moja, yaliyochemshwa kwa maji ya chumvi na kuepuliwa yangali na ugumu kidogo katikati, maana yatamalizia kuiva kwenye moto wa kuoka. Uwe pia na mchuzi mkavu wa vitunguu, nyanya, karoti na pilipili hoho. Vitunguu vya Malolo havina mfano, nasema hivyo bila kupewa chochote na wakulima wa Malolo. Nyama ya kusaga weka ukipenda, lakini jua inapandisha bei. Tandika nusu ya makaroni, mwaga nusu ya rojo, tandaza mchuzi wote, weka makaroni yaliyobaki, malizia na rojo.

Kuoka hakuhitaji oveni ya umeme. Mama zetu wameoka mkate wa mchele kwa kupalia mkaa juu ya mfuniko tangu zamani. Kwa trei kubwa, fundi bati yeyote anaweza kukutengenezea oveni ya mkaa kwa pipa. La kukumbuka ni kwamba moto wa juu uwe mkali kuliko wa chini. Kiasi cha dakika 40, juu pamekuwa pa dhahabu na pembeni panatokota, toa. Kisha, na hapa wengi hushindwa na tamaa, acha trei ikae dakika 20 kabla ya kukata. Ukikata ya moto utauza uji.

Ukijumlisha, lita mbili za rojo na karibu lita tano za jibini, trei moja imekula lita saba za maziwa. Watu ishirini wanaokunywa chai ya maziwa asubuhi hawafikishi lita hizo.

Hesabu sasa. Bei zinapanda na kushuka, kila mmoja aweke za kwake, mimi nachukulia hizi kwa mfano. Maziwa lita saba kwa shilingi 1,200 ni 8,400. Makaroni 4,000. Unga 500. Samli au mafuta 1,500. Mayai 1,600. Nyanya, vitunguu, karoti na hoho 3,000. Malimao 1,000. Chumvi na viungo 500. Mkaa 2,500. Jumla 23,000. Trei inakatwa vipande 20 vya kushibisha. Kwa shilingi 1,500 kipande utapata 30,000, yaani 7,000 juu ya gharama. Masika maziwa yakishuka hadi shilingi 800 kwa lita, faida inafika 9,800. Kwenye sherehe, ambako kipande kinaweza kuuzwa 2,000, zinabaki 17,000.

Inapendeza kwenye karatasi. Lakini hebu tugeuze: vipande vinne vikilala bila kununuliwa siku ya bei ya 1,500, umeuza 24,000 na kubaki na shilingi 1,000. Umeamka saa kumi alfajiri, umechemsha, umechuja, umeoka, kwa shilingi 1,000. Na chakula chenye maziwa na mayai hakilali, si wali huu wa kukaangwa asubuhi. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba biashara hii isianzwe kwa kupanga trei barabarani na kungoja wapita njia. Ianze kwa oda: walimu wa shule fulani kila Jumatano, ofisi fulani kila Ijumaa, sherehe za mwisho wa juma. Mtu atoe nusu ya fedha mapema ili ununue maziwa kwa fedha taslimu, maana mama wa maziwa hawezi kukopesha, watoto wake wanakula kwa fedha hiyo hiyo.

Jirani yangu alilipa ada ya somo hilo. Baada ya sherehe ile kufana alikopa kwenye taasisi moja ya mikopo, akanunua oveni kubwa ya umeme. Marejesho yalikuwa ya kila wiki, kuanzia wiki ya kwanza, kabla hajauza hata kipande. Umeme ulipokatika siku mbili mfululizo trei tatu zilimharibikia, na wiki ile aliuza kitenge chake kipya kujazia rejesho. Oveni ile sasa imekaa sebuleni na juu yake kuna televisheni. Anapikia pipa.

Namwambia kila anayeniuliza: soko kwanza, jiko baadaye. Ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa mwaka 2023 kisha ikarejeshwa mwaka uliofuata, haina riba na inafaa zaidi, lakini nayo msiichukue kununua vyombo vya kujionyesha. Chukueni ndoo za chuma cha pua, kipimajoto, kipima maziwa na friji moja ya kikundi.

Wapo wanaonipinga. Rafiki yangu mmoja mkulima wa mpunga anasema nawafundisha watu kula vya Wazungu wakati mchele wake haujapata bei. Nimemjibu kwamba hoja yake ina uzito upande mmoja: ngano. Nchi yetu inalima ngano kidogo sana kulinganisha na mahitaji, pamoja na historia ya mashamba makubwa ya Hanang, na makaroni mengi tunayonunua unga wake umevuka bahari. Dola ikipanda, paketi inapanda. Hilo ni doa, silifichi. Lakini tazama hesabu ile tena: kati ya shilingi 23,000, za makaroni na unga ni 4,500 tu. Nyingine karibu zote zinabaki Kilosa, kwa mwenye ng'ombe, mwenye kuku, mwenye bustani ya nyanya. Na kama makaroni yakipanda bei kupita kiasi, rojo lile lile na jibini ile ile vinakubali viazi mviringo vilivyokatwa vyembamba. Nimevila, nikanyamaza.

Suala la afya halina mjadala. Maziwa mabichi yanaweza kuleta homa ya kutupa mimba na kifua kikuu cha ng'ombe, na kwa wafugaji wetu magonjwa haya si hadithi. Uzuri wa jibini ya limao ni kwamba haitengenezeki bila kuchemsha maziwa, tofauti na jibini nyingine ambazo mtu mvivu anaweza kuruka hatua hiyo. Bado mikono, kitambaa na meza vinaweza kurudisha uchafu baada ya kuchemsha. Kitambaa kichemshwe kila siku, kianikwe juani, na kisitumike kwa jambo jingine. Anayetaka kwenda mbali zaidi, kuuza jibini yenyewe kwenye vifungashio, ajue atakuwa chini ya Bodi ya Maziwa na Shirika la Viwango TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye jukumu la usalama wa chakula. Huyo aende SIDO kwanza. Wa trei ahakikishe afya yake imepimwa na Bwana Afya anamfahamu.

Watu wanazungumza sana habari za treni ya kisasa. Tangu safari za Dar es Salaam hadi Dodoma zianze Julai 2024, wenzangu wanasema kituo cha Kilosa kitatutajirisha kwa kuuza vyakula. Tusijidanganye. Biashara ya dirishani tuliyoizoea kwenye reli ya zamani, machungwa na kuku wa kuchoma vikipandishwa kwa mikono, haipo kwenye treni ambayo madirisha yake hayafunguki na ambayo husimama muda mfupi. Wateja wa kweli ni wale wanaosubiri: madereva wa bodaboda na teksi, wapokeaji wa wageni, abiria waliofika saa moja kabla. Hao wanahesabika, na trei moja kwa siku inawatosha. Upande wa Mikumi, ambako kuna hoteli za watalii na madereva wa malori ya barabara kuu, soko ni pana zaidi, ila ushindani nao ni mkali.

Kwa halmashauri nina ombi moja tu, na ni dogo kiasi cha kuwa aibu kulikataa. Wekeni banda moja la maziwa karibu na soko, lenye kivuli, maji na mtu mmoja mwenye kipima maziwa. Mama wa Kimaasai afike pale saa moja asubuhi, maziwa yapimwe, wapishi wanunue. Leo mama huyu anabisha hodi nyumba kwa nyumba, na anayenunua anaonja kwa ulimi na kubahatisha. Mwenye maziwa safi analipwa sawa na aliyetia maji ya mtoni. Banda la namna hiyo halihitaji mwekezaji wala jiwe la msingi.

Jirani yangu hakungoja banda. Walikubaliana na yeyo mmoja kwamba maziwa ya jioni yachemshwe kule kule bomani, yapoozwe kwenye beseni la maji, na yaletwe alfajiri pamoja na ya asubuhi. Mwanzoni yeyo alikataa, akasema maziwa ya kuchemshwa hayana bei. Jirani yangu akamwambia, "Kwangu yana bei hiyo hiyo ya mabichi, yeyo, na sitakuuliza yamekamuliwa saa ngapi." Mtoto wa yeyo akapewa kipande cha makaroni, akakila na kuomba kingine, na mama yake akacheka kwamba ng'ombe wake wamekuwa chakula cha mjini.

Jumamosi hii wana oda ya trei tatu kwa sherehe ya ubatizo. Yeyo ameambiwa alete lita 21. Wasiwasi uliobaki ni mkaa, maana mvua imenyesha tangu Jumatatu na gunia lililoko uani limeloa.